Jozi Moja ya Mapezi ya Njano

YAH: MAELEZO KUHUSU KUPOTEA KWA JOZI MOJA YA MAPEZI YA KUOGELEA, RANGI YA NJANO, MALI YA KAMPUNI.

Hicho ndicho kichwa cha barua aliyoandikiwa Chirau wa Mwabungo, mwongoza wazamiaji, na afisi ya chombo alichofanyia kazi. Ilikuwa na mihuri miwili, wa pili ukithibitisha wa kwanza. Ilisema kwamba safari ilikamilika salama, kwamba watu wote walirudi, na kwamba yeye Chirau alionekana akishuka gatini miguu mitupu. Basi aeleze, kwa ufupi, mapezi ameyapeleka wapi.

Chirau aliisoma amesimama uani, kando ya godoro aliloliegemeza ukutani lipate jua. Gatini hakuwahi kushuka.

Safari yenyewe ilianza kama nyingine zote. Chombo kilikuwa cha wageni wanaolala humo humo baharini: wanazamia, wanakula, wanalala, wakiamka wanazamia tena. Kilikwenda visiwa vya mbali ambako hakuna mkaazi ila ndege na, msimu ukifika, wavuvi wa dago wanaopiga kambi mchangani. Wageni walikuja kuona wakubwa wa bahari: taa wenye mabawa mapana kama mikeka ya msikitini, nyangumi wakijaliwa, na juu ya wote papa shilingi, yule papa mpole mwenye madoa mgongoni kama aliyemwagiwa sarafu. Shida ni kwamba papa shilingi hakuwa ameonekana misimu miwili. Mwenye chombo alikwisha tamka: safari hii ikitoka kapa, chombo kinauzwa na kila mtu arudi kwao.

Salimu, mwongoza mwenzake, ndiye aliyekosa usingizi kwa habari hiyo. Hawa wawili walisoma chuo kimoja cha Kurani utotoni, na huko waliitikiana majina. Mmoja akitoroka kwenda kuogelea, mwingine huitika mara mbili kwa sauti mbili. Maalimu hakugundua hata siku moja. Ukubwani mazoea yakahamia chomboni: mmoja akiwa chini kwenye mitungi ya hewa, mwenziwe humwitikia. Kila mtu alijua, na hakuna aliyeona ubaya.

Juma moja kabla ya safari, Salimu alipita nyumbani kwa Chirau.

"Niazime kikoi, ndugu yangu. Changu kimelowa."

"Chako hakijakauka tangu uoe."

"Basi nipe kile cha mama."

Chirau akampa. Kilikuwa cha bluu, na upindo wake Jumwa, mamake Chirau, aliushona kwa uzi wa kijani kabla hajafariki. Hasina, mkewe, alikitazama kikitoka mlangoni.

"Nguo ya mwilini haiazimwi," alisema.

Chirau alicheka. Salimu ni Salimu.

Walifika visiwani alasiri, maji yametulia. Salimu alitangulia kuzama kupima mkondo, na mfuko mdogo kiunoni. Aliporudi juu alisema maji ni mazuri. Wageni wakaingia, Chirau nyuma yao, kama desturi.

Papa wakaja.

Alikuja mmoja, mrefu kama basi, mdomo wazi, mpole. Kisha wa pili. Kisha Chirau akaacha kuwahesabu. Wageni walikuwa wakipigana vikumbo kwa furaha. Lakini yeye alikwisha kuwaona papa wengi, na hakuwahi kuwaona hivi. Hawakuwa wakila. Walikuwa wakizunguka. Wote upande mmoja, wote juu ya mahali pamoja.

Alishuka atazame.

Chini palikuwa na jiwe. Jiwe lilifungwa nguo, mafundo matupu, na kitambaa chekundu katikati. Nguo ilikuwa ya bluu. Upindo ulikuwa wa kijani.

Mkondo haukuwapo. Hata mchanga haukutikisika. Lakini kikoi kilijaa, kikanywea. Kikajaa, kikanywea.

Chirau akashika pumzi.

Nacho kikasimama.

Alipanda juu kwa utaratibu, kwa sababu mzamiaji akikurupuka hufa, na hilo nalo lilimchelewesha. Alipoibuka, wageni walikuwa wamekwisha kupanda chomboni. Hakuwa mbali. Alipuliza kipenga. Salimu alikuwa amesimama shetri, nyuma ya chombo, na akageuka, akamtazama sawasawa. Akainua mkono. Chirau akainua wake.

Juu ya sitaha Mercy, msimamizi wa safari, alikuwa akisoma majina bila kuinua uso. Kwake yeye jina likishaitikiwa, mtu yupo. Sauti hutembea vizuri juu ya maji.

"Chirau? Uko?"

"Nipo."

Sauti ilikuwa yake mwenyewe, hata ule ukwaruzo wa asubuhi. Salimu aliijua vizuri. Chirau alicheka majini peke yake, akadhani ni mzaha wa chuoni.

Kisha injini ikawaka.

Mkondo ulimtupa kisiwani. Wavuvi wa dago walimwokota mchangani, midomo imepasuka kwa chumvi. Mkubwa wao, Mbarak, alimpa maji na uji, akamwambia angoje, hawawezi kurudi na masanduku matupu. Walipomshusha Msambweni, Chirau hakuwa na cha kuwashukuru nacho ila mapezi yake ya njano. Akampa Mbarak.

Alifika nyumbani adhuhuri. Hasina alikuwa kibarazani akikuna nazi. Alipomwona, mkono wake ulisimama. Hakupiga ukelele. Aliweka kidole mdomoni.

"Sema polepole," alinong'ona. "Amelala."

"Nani?"

Hasina alimtazama usoni, kisha miguuni.

"Wewe," alisema. "Umerudi jana. Hukutoa salamu. Unachuruzika tu, hata nikikufuta."

Chirau aliingia chumbani. Hapakuwa na mtu. Godoro lilikuwa limelowa chepechepe, na katikati palikuwa na bonde la urefu wake. Msumarini, anapotundika nguo zake, palining'inia kikoi cha bluu.

Mafundo hayakuwa yamefunguliwa.

Hasina alirudi kwao Bongwe siku hiyo hiyo. Alisema atarejea godoro likikauka, maana hataki kulala na mume bila kujua ni yupi. Chirau alikwenda kuripoti bandarini. Afisa alimkaribisha vizuri, akapekua orodha ya chombo, akatikisa kichwa. "Hapa panaonyesha umerudi. Ukitaka tuandike kwamba ulipotea, lete ushahidi kwamba hukuwapo." Mbodze, mpishi wa chombo, alimwapia kwamba alimpakulia wali siku zote zile. "Lakini hukuniamkia, mwanangu," alisema. "Wewe huniambia shikamoo hata nikiwa nimekukasirikia. Nikajua una jambo."

Chirau alimkuta Salimu huko Ukunda, kwenye kibanda cha chai. Alikuwa na kofia mpya. Amekuwa mkuu wa waongozaji. Papa wamejaa tele, na chombo hakiuzwi tena.

"Kaa," alisema Salimu. "Unywe chai."

"Kwa nini mimi?"

Salimu alikoroga chai yake isiyo na sukari. "Nilikwenda pangoni, kwa mzimu, kuwaomba papa. Nikaambiwa nilete nguo ya mtu ninayempenda. Ningepeleka ya nani, Chirau? Ya Mercy?"

"Ukaitika jina langu."

"Mara moja." Sauti yake ikashuka. "Wallahi, mara moja tu, alasiri ile. Jina lako liliitwa tena jioni, na kila asubuhi, mpaka tunafika. Mimi nilifunga mdomo."

"Basi nani aliitika?"

Salimu alikuwa akitazama sakafu chini ya kiti cha Chirau, kama anayetafuta maji.

Ni juma la tatu sasa. Jua la kaskazi linaliwakia godoro lile kutwa. Ukilibonyeza, linatoa maji ya chumvi, na bonde la katikati bado halijainuka. Chirau aliketi kando yake, akaweka barua pajani, akaijibu kwa ufupi, kama walivyotaka.

Mapezi yako kwa Mbarak wa dago. Salimu aliniona nikielea, akaniitikia jina, wakaondoka bila mimi.