Paka Aliyelamba Dawa ya Mkilifi

Maiti yenyewe ilikuwa ya paka. Alilala chini ya meza ya maabara, povu mdomoni.

Inspekta Joab Wekesa alichuchumaa. Alikuwa ameitwa mtaa wa Ndia Kuu, Mombasa, kwa sababu ya chupa moja tu iliyoibwa dukani kwa Najmuddin, mkemia, na njia nzima alikuwa akinung'unika. Mwaka huo wa 1949 bandarini kulikuwa na kesi za maana, naye anatumwa kutafuta chupa. Sasa alimgeukia mkemia.

"Chupa ilikuwa na nini?"

"Maji ya majani ya mkilifi, yaani mwarobaini. Dawa yangu ya homa ya matumbo."

"Umejuaje inaponya?"

Najmuddin akamwonyesha sahani ya kioo. Vijidudu vya homa vilikuwa vimeota kote, vyeupe kama ukoga. Katikati, alipotia tone la dawa, palikuwa na duara safi. Jana aliwaita jamaa zake waje waone, nao wakampa hongera mpaka barazani.

"Na huyu paka?"

"Paka hufa, Bwana Inspekta."

Wekesa alichunguza sakafu. Mwizi alikuwa amemwaga matone, na ulimi wa paka ulikuwa wa kijani.

"Mke wangu huwanywesha wanangu mkilifi kila wakishikwa na homa. Hulia tu, hawatoki povu."

Najmuddin akafuta jasho usoni. Huyu, Wekesa aliwaza, hamwogopi mwizi.

"Mlango haukuvunjwa. Mwizi ana ufunguo. Na pale palipokuwa na chupa ameacha hii." Akafungua kiganja: bangili ya dhahabu. "Mwizi gani huyu anayelipa? Ana mgonjwa nyumbani. Sema, ulitia nini?"

Mkemia aliitazama bangili, akaitambua.

"Ya dada yangu Maleka. Ufunguo anao, hii ilikuwa nyumba ya mama yetu. Mwanawe ana homa ya matumbo. Jana aliniomba dawa nikamkatalia."

"Ulitia nini?"

"Chumvi ya zebaki," akanong'ona. "Yaua kila kitu."

Walitoka mbio. Vichochoro vya Mji wa Kale, ambavyo Wekesa alivizoea, siku hiyo viligoma kwisha. Aliogopa, tena sana, kwani naye ni baba. Nyuma yake mkemia alikuwa akiomba kwa Kigujarati.

Walipanda ngazi bila kubisha hodi. Mtoto alikuwa ameketi kitandani, hoi kwa homa, lakini hai. Mbele yake Maleka ameshika kijiko kilichojaa. Wekesa alikipiga kikaanguka.

"Amekunywa?"

"Amekataa," Maleka akasema kwa mshangao. "Asema chungu. Nimekunywa mimi kwanza, aone haidhuru mtu."

Kisha akashika tumbo, akaketi chini taratibu.

Wekesa alichungulia dirishani akaita daktari, akaita mayai mabichi ya kuzuia sumu, akaita yeyote. Najmuddin alipiga magoti mbele ya dada yake. Hakungoja kuulizwa.

"Ni mimi. Mkilifi wangu haukuua kijidudu hata kimoja. Kila sahani viliota, na kila Ijumaa jamaa walikuja kutazama wakanicheka. Nikatia zebaki ili duara lionekane. Nilitaka siku moja tu waniamini."

Maleka alimtafuta kwa macho, midomo imeshaanza kuwa myeupe.

"Sahani yako sikuitazama, bhai, kaka yangu," akasema. "Ulisema dawa iko tayari. Ikanitosha."