Ruta Nyuma ya Friji

Kila akitoka shule, Pilipili alikuta mambo yale yale: mama ameinamia cherehani, mdogo wake wa kike yuko kwenye kochi na mguu wake wenye plasta, na simu ya mama iko katikati yao kama mgeni wa heshima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu ngoja kwanza, simu imelia. Paka yuko wapi?"

Paka! Mdogo wake alipoteleza ngazini na kuvunjika mguu, shangazi alimletea paka wa rangi ya majivu wa kumliwaza. Kwa kuwa mtoto hakuweza kumfuata, mjomba, ambaye ni fundi wa intaneti, alimvika paka mkanda wenye kifaa kidogo. Kifaa hicho kikipata waifai ya nyumbani, kilitulia. Kikiikosa, kiliamini paka ametoka, kikaiamsha simu na kuonyesha kwenye ramani mahali alipo, huku kikila chaji. Ndiyo maana mjomba aliiweka ruta, kile kisanduku kinachorusha waifai, juu ya rafu, katikati ya nyumba.

"Ruta ni kama taa," alisema. "Iweke juu, imulike vyumba vyote. Ukiificha nyuma ya chuma, umebaki gizani."

Ni mjomba huyo huyo aliyembandika jina la Pilipili, kwa udogo na ukali wake. Siku hizi pilipili ilimwasha mwenyewe. Jumatatu alichelewa saa nzima kurudi kutoka mazoezi ya kwaya, na hakuna aliyemuuliza. Paka akivuka ua dakika mbili tu, nyumba nzima husimama. "Afadhali ningezaliwa na mkia," aliwaza.

Jumatano, mama alipokuwa akioga na mdogo wake amesinzia, Pilipili aliihamisha ruta nyuma ya friji. Pale kwenye rafu akaweka kikapu cha vitambaa ili pengo lisionekane.

Kuanzia hapo simu ikawa kituko. Paka amejikunja kochini anakoroma, nayo inalia: paka ametoka! Siku ya kwanza mama alitimka hadi uani, sindano midomoni. Siku ya pili akacheka. Siku ya tatu alisonya.

"Simu hii imekuwa mwongo wa mchana kweupe," alisema. Pilipili akatabasamu kwa siri.

Jumamosi, paka hakuja kula. Mdogo wake alimwita kutoka kochini mpaka sauti ikakauka. Pilipili alichungulia simu. Ramani ilionyesha karakana ya seremala, nyumba ya tatu kutoka kwao. Chaji ya kifaa ilibaki asilimia nne.

"Mama, yuko kwa seremala!"

"Nani kakwambia, hiyo simu? Jana imesema yuko barabarani, na mimi nusura nimkalie! Tafuta chini ya vitanda."

Pilipili alitazama saa ya ukutani: ilikaribia saa saba. Seremala hufunga saa hiyo, na leo angeondoka kwa safari ya wiki nzima. Paka angekufa kwa kiu mle ndani.

"Mama, simu haina kosa. Mwenye kosa ni mimi. Ruta nimeificha nyuma ya friji."

Cherehani ilinyamaza. "Kwa nini?"

"Kwa sababu paka akipotea, mnamtafuta."

Mama akavaa viatu. "Kimbia. Mengine baadaye."

Walimkuta seremala anabana kufuli.

"Fundi, tafadhali fungua! Paka wetu yumo," mama alisema.

"Humu? Humu mna makabati tu, mama."

Wakati huo simu ikaandika kwamba kifaa kimezimika. Seremala alifungua huku akitikisa kichwa. Kutoka nyuma ya kabati jipya ukasikika mlio hafifu, kisha paka akajitokeza, sharubu zimejaa vumbi la mbao, akapiga chafya.

"Kumbe nina mwanagenzi na sina habari!" seremala aliangua kicheko.

Jioni mjomba alisimama kando akamwacha Pilipili airudishe ruta mwenyewe, kisha azunguke na simu chumba hadi chumba mpaka mtandao ushike hata uani. Alipomaliza, Pilipili alipiga magoti kando ya kochi.

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Usimpoteze tena," mdogo wake alijibu, akamsogezea nafasi akae.

Mama akaketi upande wa pili. "Mwanangu, kutaka kutazamwa si kosa. Macho yangu yote yalikuwa kwa mgonjwa, na hapo nimekukosea. Lakini uchungu wako hukuusema, ukauficha, nao ukatufanya tusiusadiki ukweli ulipokuja. Wivu usiosemwa humchoma asiye na hatia. Siku nyingine niambie, hata kama nina sindano mdomoni."

Jumatatu kwaya ilichelewa kwisha. Pilipili aliposukuma mlango, cherehani ilinyamaza.

"Umechelewa robo saa," mama alisema, akivua miwani. "Ulikuwa wapi?"

Pilipili hakuwahi kufurahia swali namna ile. Aliketi, akaanza kueleza tangu wimbo wa kwanza.