Ukurasa Uliogeuzwa

Mwanamume anayevaa viatu vya ngozi vyenye ncha katikati ya theluji ya Februari, mawili: ama akili zake si nzuri, ama anataka kila mtu ajue kwamba yeye hafanyi kazi ya kusimama. Naftali Wanjohi alikuwa na akili nzuri tu. Jumamosi hiyo mchana aliingia kwenye mauzo ya vitabu vikuukuu katika ukumbi mmoja wa mji wa Maplewood, huko ughaibuni, amevaa koti refu la sufu lililofika karibu na vifundo vya miguu, skafu imefungwa fundo alilojifunza kwenye simu, na manukato yaliyotangulia mezani kabla yake. Ukumbi ulijaa wazee wa Kizungu wanaokutabasamia huku wanakupiga viwiko. Naftali alikuwa mtaalamu wa kufundisha kusoma. Alizunguka shule za mji jirani wa Blaine akiwaonyesha walimu wa watoto wadogo wanakosea wapi, na aliipenda kazi hiyo kuliko inavyofaa.

Aliliona sanduku la kadi za herufi, zile za kufundishia sauti za Kiingereza moja moja, akalishika. Upande wa pili mkono mwingine ulilishika vilevile. Mkono mwembamba, kucha fupi, umekauka kwa sabuni ya hospitali.

"Sorry, I had it first," alisema Naftali.

Msichana hakuachia. Alivaa suruali ya sare ya kazi, jaketi la bluu lililovimba, na kitambaa cha kitenge kichwani. Alimtazama Naftali kutoka viatuni hadi kwenye skafu, akajisemea kwa Kiswahili, akiwa na hakika hakuna wa kumwelewa hapo:

"Angalia huyu na koti yake, sawa pazia ya kanisa."

"Pazia inakusikia, madam."

Msichana aliziba mdomo, kisha akacheka, na kicheko chake kikamwingia Naftali pabaya. "Kumbe! Weye ni Mkenya."

"Umejuaje?"

"Mukongomani angetaka kuvaa hivyo, angevaa muzuri zaidi."

"Sawa, nimekubali. Lakini hizi card ziko na sequence, siyo za kuchezea. Unaanza na sauti gani?"

"Niko na watoto ku kanisa yetu kule New Hope, hawajui kusoma. Weye uko na nini?"

"Niko na training Jumatatu."

"Bon. Peleka training mbele, uache sanduku."

Naftali akaliacha. Gari la msichana, Corolla iliyopauka, likakataa kuwaka kwa baridi, na Naftali akatoa waya zake za kuamshia betri, akainama juu ya injini na lile koti likafagia theluji yote ya hapo. Injini ilipowaka alikuwa ameshajua kwamba anaitwa Uwase, na namba yake ya simu alikuwa nayo.

Yaliyofuata yanajulikana. Watu wawili wazima wenye kazi zao waligeuka watoto. Uwase alikuwa msaidizi wa wauguzi katika hospitali moja, na kila mapumziko alijificha kwenye chumba cha mashuka kupokea simu ya Naftali.

"Sasa, mwalimu wangu."

"Sema, Bwana Koti. Umekula?"

"Nimekula sandwich ya ofisi. Ina ladha ya bahasha."

"Masikini. Jioni uje, Mama amepika sombe. Lakini usimuambie tena eti majani ya muhogo ni kama sukuma wiki, alikasirika siku mbili."

"Aki babe, nilikuwa najaribu kumsifu!"

Jumapili alianza kuja kanisani kwao. Ibada ilikuwa ya Kiswahili, nyimbo za Kinyamulenge, lugha ya kwao kina Uwase. Naftali alisimama mstari wa mbele, kitabu cha nyimbo mkononi, akafungua mdomo na kuufunga kama wenzake, ingawa hakujua hata neno moja la mle ndani. Mama yake Uwase, Mama Ernestine, aliyeona kila kitu, hakusema. Mkwe anayeigiza ni afadhali kuliko asiyekuja.

Jambo moja Uwase hakumwonyesha: darasa lake.

"Si uni-invite tu nione," Naftali alibembeleza.

"Utakuja siku ya kusoma mbele ya watu."

"Unatumia zile card kwa order?"

"Koti, wacha."

Alikuwa na sababu ya kumficha. Kwa Uwase, hospitali ilikuwa riziki, lakini lile darasa la Jumamosi ndilo kitu pekee katika nchi ile alichokichagua mwenyewe. Sasa lilitaka kumponyoka. Bendi ya vijana, yenye spika kubwa kuliko imani yao, ilikuwa inakitaka chumba cha chini cha kanisa walimosomea watoto, na Mzee Thaddée, mwenyekiti wa baraza la wazee, alisema watoto wasome kwanza mbele ya kanisa, baraza lione matunda, kisha liamue. Mzee Thaddée alipenda kuitwa inspecteur. Ukaguzi wenyewe aliuacha kwao Uvira. Huku alibaki na kikohozi chake tu.

Uwase alifundisha alivyoweza. Alianza na sauti za kadi, lakini watoto walibandika vokali mwisho wa kila neno, *keti* badala ya *cat*, *doga* badala ya *dog*, na siku zinakimbia. Basi akafanya kama wafanyavyo kwao: mwalimu anasema, darasa linaitika. Akasema tena, wakaitika tena. Wale ni watoto waliokulia kwenye kwaya ambamo hakuna anayefungua kitabu. Masikio yao yanadaka wimbo mzima kwa mara mbili. Kabla ya Pasaka walikuwa wanatiririka. Uwase alilia kwa furaha na hakujiuliza lolote.

Siku ikafika. Kina mama walivaa vitenge vinavyong'aa na mawigi yaliyosimama imara kuliko waumini. Vijana wa bendi, kwa kujionyesha, waliurusha ukurasa wa kitabu kwenye ukuta kwa mashine, ili kanisa zima lifuate. Pameandikwa, kwa Kiingereza: paka mnene amekaa kwenye mkeka. Shekinah, msichana wa darasa la kwanza mwenye gauni la pinki, alisimama akasoma ukurasa ule bila kujikwaa hata mahali pamoja. Makofi. Vigelegele. Mama Ernestine alirusha leso.

Naftali peke yake hakupiga makofi. Aliyatazama macho ya yule mtoto, na macho hayakuwa kwenye karatasi. Yalikuwa yanatazama dari.

Angeweza kunyamaza. Angeweza kusubiri hadi kesho, wakiwa wawili, na sombe mezani. Lakini mtu mwenye ujuzi wa aina ile akiona kosa huwashwa mwili mzima. Nia mbaya hakuwa nayo. Watu kama yeye huwa hawana nia mbaya, wana utaalamu tu. Aliinuka na koti lake, akaenda mbele, akachuchumaa, akasema kwa ile sauti tamu ya kazini.

"Very good, sweetie. Sasa nisomee hii."

Akageuza ukurasa pale chini ya mashine. Ukutani akatokea mbwa anachimba matope.

Shekinah alivuta pumzi, akaanza kwa furaha ileile: paka mnene amekaa kwenye mkeka.

Mtu mmoja nyuma akacheka, na kicheko kikasambaa. Naftali, Mungu amsamehe, akamwita mtoto wa pili. Huyo naye akamwimbia paka mbele ya mbwa.

"Tumefuga kasuku!" alisema Mzee Thaddée, akakohoa. "Chumba kiende kwa bendi."

Shekinah aligeuka kumtafuta mwalimu wake. "Did we do it wrong?" aliuliza. Lakini Uwase alikuwa ameshatoka nje.

Naftali alimkuta kwenye maegesho, anahangaika na funguo.

"Babe, ngoja. Hawa watoto hawasomi, wamekariri. Ni bora ijulikane sasa."

"Ungeniambia kesho."

"But it's the truth."

"Ndiyo. Na ulikuwa na furaha ulivyoisema." Corolla iliwaka mara moja, bila msaada wa mtu.

Wiki iliyofuata Naftali alifanya yote wanayofanya wanaume wasiojua walichokosa. Alipiga simu, hazikupokelewa. Alituma maua hospitalini, wagonjwa wakagawana. Alituma ujumbe mrefu wenye maneno "nia yangu ilikuwa", na huo hata mimi ningeufuta. Siku ya tano Uwase alipokea, kutoka kwenye kile chumba cha mashuka.

"Usiongee," alisema. "Sikiliza. Mimi nilifika huku niko na miaka kumi na miwili. Waliniweka ku class ya watoto wa rika langu, sijui kusoma hata jina ya basi. Nikasikia wenzangu wakisoma, nikashika page kwa kichwa. Mwalimu akasema *good job*. Kila mwaka *good job*, wananisukuma mbele. Nilijifunza kusoma nikiwa mukubwa, nimejifungia ku bafu ili Mama asinione. Nikaapa hakuna mutoto wa kanisa letu atapita pale. Na sasa nimewapitisha palepale, kwa mikono yangu."

"Uwase..."

"Ukweli wako niliuona kabla sijafika ku gari. Hiyo haikuniuma. Lakini ulivyogeuza ile page, Naftali, hukumgeuzia Shekinah. Ulinigeuzia mimi, na watu wote wakacheka."

Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Naftali Wanjohi hakuwa na la kusahihisha.

"Nifanye nini?"

"Maua yako nimewapa wagonjwa. Kwetu, mwenye kukuaibisha mbele ya watu haombi msamaha ku simu. Anarudi kwa watu walewale. Shekinah amekataa kufungua kitabu, unajua? Anasema yeye ni mjinga." Akakata. Alikaa juu ya mashuka akalia, maana alimpenda yule mtu na koti lake la kipuuzi, na kumpenda kulimkera kuliko yote.

Jumapili, wakati wa ushuhuda, watu walipanga foleni kama kawaida kumshukuru Mungu kwa sauti ya kuwajulisha majirani: huyu kwa nyumba mpya huko Blaine, yule kwa mtoto aliyeingia chuo. Mwisho wa foleni alikuwa Naftali. Alivua koti, akaliacha kwenye kiti. Bila koti alikuwa mwembamba, mabega yameshuka.

"Bwana asifiwe," alisema.

"Amina," walijibu wachache, kwa ubaridi.

"Kila Jumapili nasimama hapa mbele na hiki kitabu cha nyimbo. Mnaona mdomo wangu ukienda. Mimi sijui kusoma hata mstari mmoja wa humu ndani. Nilikuwa nadanganya, na mlikuwa mnanitabasamia, hakuna aliyenigeuzia ukurasa." Akamwendea Mzee Thaddée. "Mzee, tafadhali, nichagulie wimbo wowote. Na huyu kijana wa mashine auonyeshe."

Mzee Thaddée, kwa raha asiyoificha, alichagua wenye maneno marefu kupita yote. Naftali akaanza. Alilikanyaga neno la kwanza, la pili akalivunja shingo. Alipofika kwenye la tatu kanisa lilikuwa limelala juu ya viti kwa kicheko. Mama mmoja wigi lilimtoka. Jasho lilimtiririka, na bado hakukaa chini. Alirudi mwanzo akaanza tena, na wakacheka tena.

Ndipo Shekinah alipomwachia mama yake mkono, akaenda hadi mbele na kumtazama kwa dharau safi ya mtoto.

"You're guessing," alisema. "Teacher says don't guess."

"Teacher?" Naftali aliinua macho.

Uwase alikuwa ameinuka mahali pake. Jana yake, kumbe, hakukaa nyumbani akilia. Alikuwa amewakusanya watoto sebuleni kwa mama yake, akamwaga zile kadi sakafuni, na kuanza upya kutoka sauti ya kwanza, kwa utaratibu uleule wa yule mwanamume ambaye simu zake alikuwa amekataa kuzipokea. Alitembea hadi mbele. Akaweka kidole chini ya herufi.

"Usikisie," alimwambia polepole. "Sauti moja moja. Hii?"

Akaisema.

"Na hii?"

Akaisema. Neno lilichukua muda mrefu kama mahubiri, lakini lilipotoka lilikuwa zima, na wa kwanza kusema "Amina" alikuwa Mama Ernestine.

Msidhani baraza lilitubu. Bendi ilibaki na chumba, na spika zake ziko huko zinapasua kuta hadi leo. Mzee Thaddée alikohoa, akatamka kwamba jiko la kanisa halina mtu Jumamosi, kama vile amegawa ufalme. Darasa likahamia jikoni, kati ya masufuria ya mazishi na ya harusi. Watoto husoma taratibu, kwa kujikwaa, kwa kubishana, na kila Mzee Thaddée anapochungulia mlangoni hutikisa kichwa na kusema zamani walikuwa wanasoma vizuri zaidi.

Nyuma kabisa, kwenye kigoda cha kumenyea ndizi, hukaa Naftali na kitabu chake cha nyimbo. Hasahihishi mtu. Mwezi wa Juni, watoto walipokuwa wanafunga mikoba, alijitapa.

"Mwalimu, wimbo wa kwanza nimeumaliza. Wote. Nipe mtihani."

"Soma."

Alisoma bila kosa. Shekinah alipiga makofi. Uwase hakupiga; alimtazama macho, akaona yako wapi, akanyoosha mkono na kugeuza ukurasa.

Maneno ya ukurasa huo Naftali hakuyajua. Mdomo ulifunguka, ukafungika. Kisha akainamisha kichwa, akaweka kidole chini ya herufi ya kwanza, akaanza. Alikosea. Akarudi. Akakosea tena mahali pengine, akarudi, akavuka. Juu ya jiko chai ilichemka ikamwagika na hakuna aliyeinuka. Alipofika mwisho wa mstari alikuwa amelowa kama siku ile.

"Nimefeli?" aliuliza.

"Umesoma vibaya sana, Koti."

"Najua, mpenzi."

"Lakini umesoma." Uwase alikifunga kitabu, akamkabidhi koti lake, ambalo hakuliacha hata kwa joto la Juni. "Basi vaa. Mama yuko nyumbani, na wajomba nimewaita tangu jana. Nenda ukaseme kilichokuleta kwetu."