Kitambaa Chekundu cha Shangazi Uinise

Siku ya tamasha la kuchangia tangi la maji la shule yetu, mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema ili msisumbuke kumtafuta.

Jumamosi hiyo ilianza kama Jumamosi nyingine yoyote kijijini kwetu. Baba alileta magimbi kutoka shambani, mimi nikakuna nazi, na mdogo wangu Heilala, mwenye miaka sita, akala nusu ya nazi niliyokuna. Tofauti ilikuwa moja tu. Shangazi Uinise alikuwa amekuja kutoka Auckland, na kwetu Tonga dada mkubwa wa baba akiwa ndani ya nyumba, hata mbwa hukaa vizuri.

Huko Auckland, Shangazi hufundisha waandaaji wa matamasha namna ya kuwakinga watu wasiumie. Siku mbili kabla ya tamasha aliiita kamati yetu kwenye ukumbi wa shule. Walikuwepo akina mama wa jikoni, baba mdogo Feleti ambaye ndiye kiongozi wa bendi, na sisi wanafunzi wa kusimamia milango. Shangazi alitandika mkeka mmoja sakafuni.

"Ingieni humu," alisema. Tukaingia wachache. "Kuneni pua." Tukakuna, tukicheka. Akaongeza watu, kisha akaongeza wengine, mpaka tukabanana kama makopo dukani. "Haya, kuneni pua."

Mikono haikupanda. Ilikuwa imebanwa mbavuni.

"Kumbukeni hali hiyo," alisema. "Mtu akishindwa kukuna pua yake, kifua nacho kiko njiani kushindwa kupanuka."

"Shangazi, na nikiwashwa mgongo?" niliuliza. Ukumbi mzima ukacheka.

"Mgongo wako, Manase, nitaukuna mimi mwenyewe," alijibu, na kicheko kikanigeukia.

Baba mdogo Feleti alikohoa. "Samahani, dada. Sasa unataka kutukataza kutuza?" Maana kwetu msichana akicheza, hupakwa mafuta ya nazi, na watu hukimbilia jukwaani kumbandika noti mikononi na mabegani. Bila kutuza, tangi lisingenunuliwa.

"Nani kakataza? Mtakimbia hata nikiwafunga kamba. Mimi nazipa tu mbio zenu njia. Mtapanda kulia, mtabandika, mtatokea mlango mdogo wa kushoto. Mlango huo usifungwe kamwe. Manase, huo ni wako." Kisha akanipa kitambaa chekundu. "Ukiona watu wamebanana, inua hiki. Feleti, ukikiona, muziki unakatika pale pale. Maswali baadaye."

Siku ya tamasha niliuacha mlango wangu wazi kwa uaminifu, labda kwa muda wa nyimbo tatu. Kisha wavulana wawili wa kijiji cha jirani wakapenya bila tiketi. Mmoja alinitolea ulimi. Niliwafukuza, wakazunguka wakaingia tena. Wenzangu wa mlango mkubwa wakanizomea: "Manase, umefungua duka la bure?"

Nikapandwa na hasira. Nje kulikuwa na waya uliobaki kwenye ujenzi wa zizi la nguruwe. Nikauvuta mlango, nikaukaza kwa waya huo, nikausokota mara nyingi, nikajipongeza. Hata nguruwe wa baba asingetoka pale.

Ndipo Lupe, binti wa mchungaji, akaingia kucheza. Ngozi yake iling'aa kwa mafuta, na mikono ilikwenda taratibu. Bibi Meleane, ambaye siku nyingine hulalamika magoti, aliruka mbele akageuza kofia nyuma na kucheza kama kuku aliyemwagiwa maji. Watu wakapiga vigelegele. Ukumbi ukainuka wote kwenda kutuza.

Walipanda kulia, kama tulivyofundishwa. Wakabandika. Wakashuka kushoto, wakaukuta mlango umefungwa. Wa kwanza wakageuka kurudi, na waliokuwa nyuma yao, wasioona kitu, wakazidi kusukuma huku wakiimba.

Mwanzoni nilidhani ni furaha. Kisha nikamwona mwalimu wetu, ameshika kikombe cha maji ya tikiti. Kikombe kilikuwa chini ya kidevu chake, na hakuweza kukifikisha mdomoni.

Mbele yake, katikati ya migongo, ulichomoza mkono mdogo ulioshika noti. Niliitambua bangili ya shanga. Mkono wa Heilala ulikuwa juu, na haukushuka.

Kitambaa kilikuwa mfukoni. Lakini nikikiinua, muziki utakatika, Lupe ataaibika mbele ya kijiji kizima, na kila mtu atauona waya wangu. Nikasubiri. Labda watajipanga wenyewe. Nikaimba moyoni ubeti mzima, na vidole vya Heilala vikaanza kulegea juu ya ile noti.

Nikainua kitambaa.

Baba mdogo Feleti alinikodolea macho, akapiga gitaa kidogo tena kama asiyeamini, halafu akaacha. Katika kimya kile nilisikia watu wakihema.

"Walio nyuma kabisa," sauti ya Shangazi ilitoka kwenye spika, tulivu kama anayesoma matangazo ya kanisa, "geukeni, tokeni nje kwa mlango mkubwa. Nyuma kwanza. Mlio mbele, msisukume, wekeni mikono kifuani. Manase, fungua mlango."

"Umefungwa, Shangazi."

"Kaufunga nani?"

Kijiji kizima kilinitazama. "Mimi."

Niliung'ang'ania waya, ukanikata vidole, haukusogea. Nilikuwa nimeusokota vizuri mno. Baba alipenya pembeni ya ukuta na koleo, akaukata mara moja, na watu wakamiminika nje.

Bibi Meleane alitoka na Heilala mikononi. Midomo ya mtoto ilikuwa imepauka. Shangazi akampokea, akamkalisha chini ya mshelisheli, akamlegezea mkeka wa kiunoni tunaouvaa kwenye sherehe, akawasogeza watu mbali ili hewa ipite. Nilikitazama kile kifua kidogo. Kilipanda. Kikashuka. Kikakawia. Kikapanda tena, kisha Heilala akalia kwa sauti iliyowatisha nguruwe. Sijawahi kukipenda kilio kama kile.

"Sijabandika noti yangu," alilalamika.

Aliibandika. Tamasha lilianza upya mlango ukiwa wazi, nami nimesimama pale kama nguzo. Lupe alicheza tangu mwanzo, watu wakapita kulia wakatokea kushoto, na tangi likapatikana. Wale wavulana wawili waliingia tena bure. Niliwaambia karibuni.

Tulipokuwa tunapanga viti, nilimwendea Shangazi. "Naomba radhi. Nilikuwa nawazuia wasio na tiketi."

"Najua. Asiyelipa akiingia, tunapoteza tiketi moja. Aliye ndani akikosa kutoka, huenda tukampoteza yeye. Uwe unajua unalinda nini." Akavitazama vidole vyangu vilivyochanika, akavifunga kwa kile kitambaa chekundu. "Na ukiona sababu ya kuinua kitambaa, usisubiri ubeti uishe."

Sijui alijuaje.

Baba mdogo Feleti alikuwa anakunja nyaya za spika, akinung'unika. "Lakini dada, kusema kweli, ilikuwa aibu. Wimbo unakatwa katikati, binti wa mchungaji amenyoosha mikono hewani! Miaka yote hii tunacheza, hakuna aliyewahi kutukata wimbo. Tungewaambia tu wapunguze kusukumana, na tungeendelea."

Shangazi alikuwa amembeba Heilala, aliyelala fofofo begani kwake. Hakupaza sauti.

"Feleti, wimbo wako ulikatika, ukauanza tena toka mwanzo. Pumzi ya huyu ingekatika, ungeianzia wapi?"

Baba mdogo akainama, akaendelea kukunja nyaya.