Vitabu Vilivyovishwa Mkataba

Kila asubuhi kabla ya shule, Ndinda alipandisha mtungi wa maji hadi orofa ya nne ya ploti yao katika mtaa wa Baba Dogo. Siku mtungi ulipovuja, ngazi zilioga kabla yake. Aliishi na mama yake, Nthoki, katika nyumba iliyonunuliwa na marehemu baba yake, Mativo, aliyechonga twiga wa mbao mpaka vidole vikapinda.

Muhula ulipofunguliwa, mwalimu aliagiza kila kitabu kiwekewe jalada. Ndinda hakuwa na karatasi ya kaki. Katika sanduku la baba alipata karatasi nne nene, kubwa kama gazeti, zenye mihuri. Akachukua mkasi na gundi, kazi ikaisha.

"We Ndinda, hizo kava zako ni noma!" alisema rafiki yake Afnan. Kweli, kitabu cha Hesabu kilikuwa na mihuri mingi kuliko ofisi ya chifu.

Wiki mbili baadaye, Mzee Jimale, mwenyekiti wa wenye nyumba, aliwakusanya watu uani.

"Nyumba tulinunua, lakini hatimiliki ya ploti nzima bado iko kwa aliyejenga," alisema. "Sheria mpya inataka kila mwenye nyumba apate hatimiliki yake. Ngazi, paa na tangi la maji vitakuwa vyetu sote, na tutaamua kwa kura namna ya kuvitunza. Ila kila mtu alete mkataba wake halisi."

"Na asiyekuwa nao?" aliuliza mama.

"Huyo, Mama Ndinda, atathibitishaje kuwa nyumba ni yake?"

Mama alipindua sanduku, godoro, hata debe la unga. Kisha akaketi sakafuni, akalia. "Mativo, jasho lako lote nimelipoteza!"

Ndinda aliutazama mkoba wake wa shule. Nitasema kesho, aliwaza. Kesho ilipofika, akaisogeza mbele.

Ijumaa alikuja Anko Muoki, mdogo wa baba, na kichane cha ndizi.

"Wewe ndiwe uliyebeba sanduku tulipohamia," mama alimkabili mlangoni. "Rudisha mkataba!"

"Shemeji, mimi? Nimwibie mtoto wa ndugu yangu?"

"Nani mwingine alijua lilipo?"

Majirani walitoka kusikiliza, wengine wakiacha sufuria zikiungua, wasipitwe. Muoki aliweka ndizi chini, akashuka ngazi. Tangu siku hiyo, ploti nzima ilimwita mwizi wa mayatima.

Ndinda alishindwa kula. Jumapili mchana aliweka vitabu vinne mapajani mwa mama. "Mama, mwizi ni mimi."

Mama hakumchapa. Alibandua majalada polepole, yakachanika. Mkasi ulikuwa umeikata sahihi ya baba katikati.

Mzee Jimale aliwapeleka ofisi ya ardhi, ambako nakala ya mkataba ilikuwa kwenye faili. Mama akala kiapo mbele ya wakili, tangazo likatolewa katika gazeti la serikali, wakangoja. Wenzao walipata hatimiliki zao, wao wakabaki na foleni. Yao ilitoka baada ya miezi minane. Muda wote huo, kwa aibu, hawakumwendea Muoki wala kuwaambia majirani ukweli.

Siku hiyohiyo waliipeleka kwa Muoki, kwenye karakana yake ya mbao huko Makongeni. Ndinda alipiga magoti juu ya maranda, akasimulia yote. "Nisamehe, Anko."

Muoki alifuta mikono, akaisoma hati yote, akairudisha.

"Nimekusamehe. Lakini sikia, mwanangu. Karatasi ilipoharibika, mlipanga foleni mkapewa nyingine. Jina langu lilipochafuliwa, nipange foleni dirisha gani? Ungesema siku ile ya kwanza, ungelia mwenyewe, tena kidogo tu. Ulinyamaza, nikalia mimi miezi minane."

Mama alijifunika uso kwa leso.

"Sasa nifanye nini?" Ndinda aliuliza.

"Ploti yenu ina milango ishirini. Kila mlango ulisikia kuwa mimi ni mwizi. Uende na mama yako, mwambie kila mmoja ukweli."

Jioni hiyo, mama akiwa nyuma yake, Ndinda alibisha mlango wa kwanza.