Kamera ya Chumba chenye Giza

Kila siku kabla ya kwenda shule, Shamila alipanga ndoo yake kwenye foleni ya bomba. Chilangala ni kijiji cha mikorosho mingi na maji machache, na mwezi wa kumi bomba lake hutoa maji kama mtu anayetoa siri: kidogo kidogo, tena kwa kuombwa sana. Yakifika nyumbani, ya kwanza yalikuwa ya kunywa, ya pili ya kupikia. Ya kunawa mikono yalikuwa ya bahati.

Asubuhi moja alirudi na ndoo nusu, akamkuta mama yake, Faidha, ameketi kizingitini. Mkono wake ulikuwa juu ya tumbo la miezi minane.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Hebu nikumbushe, mwanangu. Kile kishimo cha Shamte kilikuwa shavu la kulia au la kushoto?”

Shamila alitua ndoo. Shamte alikuwa mdogo wake. Alizaliwa mwaka juzi, akaishi siku tisa tu, akazikwa. Shamila alijaribu kuikumbuka sura yake, ikamjia kanga tu aliyofunikwa.

“La kulia,” alisema, ingawa hakuwa na hakika.

“Mimi nilidhani la kushoto,” mama alijibu, akajifuta macho kwa pindo la kanga.

Picha ya Shamte ilikuwa moja, kwenye simu ya mjomba, na simu hiyo ilitumbukia kisimani. Baba yake Shamila, Uwesu, alikuwa anaanika korosho uani na aliyasikia maneno hayo. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo alisema.

“Huyu anayekuja hatutamsahau. Korosho zikilipwa nanunua kamera ya video, ikae humu ndani. Simu huazimwa, huibwa, huzama.”

Malipo ya mnada wa kwanza yalipotoka, Uwesu alimchukua Shamila wakashuka mpaka Masasi. Alimchukua kwa kuwa binti huyo wa darasa la sita ndiye aliyeweza kusoma maandishi madogo. Waliingia dukani kwa Alfredi, fundi aliyeuza kamera zilizokwisha kutumika.

Alfredi aliweka kamera mbili juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa kubwa, nyeusi, inang’aa.

“Hii, mzee, ndiyo ya harusi. Inavuta mbali. Bwana harusi akiwa uwanja wa pili, wewe unamhesabia vifungo vya koti.”

Uwesu aliibeba begani, akajitazama kwenye kioo cha kabati, akajiona mwandishi wa habari. Ya pili ilikuwa ndogo kama kiganja, na kona yake iliyovunjika ilikuwa imebandikwa utepe.

“Shikamoo, fundi,” Shamila alisema. “Ipi inaona gizani?”

“Marahaba. Giza la nini tena, binti?”

“Mtoto atakuwa ndani. Kwetu hatolewi nje mpaka kitovu kianguke. Na chumba cha mama kina dirisha moja, nalo dogo.”

Alfredi alikuna kidevu. Muuzaji mwingine angemcheka mtoto huyo, lakini yeye aliwaingiza stoo, akaurudisha mlango, ukabaki upenyo mwembamba wa mwanga. Aliweka kiberiti sakafuni, akakipiga picha kwa kamera zote mbili. Katika ile kubwa kiberiti kilionekana kama donge la masizi. Katika ile ndogo waliyasoma maandishi yake, na fundi alipoisogeza karibu, hadi shubiri moja, walihesabu njiti.

“Hii inaona karibu, na haidai mwanga mwingi,” Alfredi alisema. “Ila sura yake ndiyo hiyo.”

“Watu watanicheka,” Uwesu alinong’ona.

“Baba, tunamnunulia mtoto au tunawanunulia watu?”

Uwesu alimtazama binti yake, kisha akacheka, na ilikuwa muda mrefu tangu acheke. Walirudi na ile ndogo.

Katikati ya mwezi wa kumi na moja Faidha alijifungua salama zahanati, mtoto wa kiume. Kabla hawajaruhusiwa kuondoka, muuguzi Anjelina aliwaambia wazi.

“Kitovu msikipake kitu chochote. Kiacheni kikavu. Anayemshika mtoto anawe kwa sabuni. Siku ya tatu mleteni nimwone.”

Wote waliitikia. Bibi Kibibi, mama yake Uwesu, naye aliitikia, lakini itikio lake liliishia kwenye geti la zahanati. Walipofika nyumbani alikoroga majivu ya jikoni kwa mafuta, akayapaka kwenye kitovu kwa kidole.

“Nimelea saba kwa dawa hii,” alisema. “Mwacha mila ni mtumwa.”

Faidha alinyamaza. Mama mkwe habishiwi, na Uwesu alikuwa amerudi shamba la mbali kuokota korosho, analala huko huko kibandani. Shamila alipoomba kumpiga picha mdogo wake, bibi alikubali kwa sharti.

“Piga, lakini picha asiione mtu wa nje. Jicho la mtu si jema. Mtoto ambaye kitovu hakijaanguka ni wa chumbani. Niapie.”

Shamila aliapa. Siku ya tatu ikafika, mtoto hakupelekwa. Ya nne ikapita, na ya tano. Kila asubuhi bibi alipaka majivu mapya.

Siku ya sita, kabla ya shule, Shamila aliwasha kamera. Mtoto alikuwa ameliacha ziwa tangu usiku, na kilio chake kilikuwa kidogo kama cha paka. Shamila alisogea karibu, shubiri moja. Kwenye kioo cha kamera aliona jambo ambalo macho yao hayakuliona katika chumba kile: chini ya majivu ngozi ilikuwa imevimba na kuwa nyekundu, na usaha unachuruzika. Alipoinama zaidi alisikia harufu. Sura ya Shamte alikuwa ameisahau, lakini harufu hii aliikumbuka.

“Bibi, kitovu kimevimba. Tumpeleke kwa muuguzi.”

“Ni joto la mwezi huu. Kikianguka atapona.”

“Na Shamte naye—”

“Shamte alichukuliwa na degedege!” Kibibi alifoka. “Usimtaje humu!”

Shamila alimgeukia mama yake. Faidha alikuwa analia bila sauti. “Tumsubiri baba yako,” alisema. “Kesho kutwa atarudi.”

Shamila alitoka na mkoba wa madaftari kama anayekwenda shule. Ndani ya mkoba ilikuwemo kamera. Penye njia panda alisimama. Aliogopa sana. Alikuwa ameapa, na kwao mtoto aliyevunja kiapo huambiwa maneno ambayo hayafutiki. Kisha alikumbuka ile harufu, akakimbia kuelekea zahanati.

Muuguzi Anjelina alitazama picha mara moja tu, akasimama.

“Hii ni ya lini?”

“Leo asubuhi.”

“Na hajanyonya tangu lini?”

“Tangu usiku.”

“Shamila, mngengoja mpaka kesho kutwa, mngebaki na picha tu.”

Anjelina alipiga simu hospitali ya Newala kuomba gari la wagonjwa, kisha akaenda mwenyewe na Shamila kwa miguu ya haraka. Walimkuta Kibibi amesimama mlangoni.

“Uliniapia, Shamila!”

“Niliapa, bibi, na nimevunja. Nichape baadaye.”

Kibibi alinyoosha mkono kuuziba mlango. Hapo ndipo Faidha, ambaye tangu aolewe hakuwahi kumpandishia mama mkwe sauti, alipotokea nyuma yake na mtoto kifuani.

“Mama, nipishe,” alisema. “Kwa Shamte nilinyamaza.”

Mkono wa Kibibi ulishuka wenyewe.

Walikaa hospitali siku kumi na moja. Siku mbili za kwanza daktari hakuahidi kitu. Mtoto alichomwa sindano asubuhi na jioni, kwenye mguu mwembamba kama kidole cha mtu mzima. Siku ya saba tangu azaliwe haikuwa na karamu. Uwesu, aliyefika na vumbi la shamba mwilini, aliinama kitandani akamwita mwanawe Ashraf, huku wote wakiogopa kulizoea jina hilo. Siku ya nne ya matibabu Ashraf alilishika ziwa. Faidha alilia, safari hii kwa sauti, na mama wengine wodini wakamwacha alie.

Waliporudi Chilangala, Bibi Kibibi alimfuata Anjelina zahanati. Shamila alikuwa amemshika mkono, maana hata kuona njia vizuri siku hizo bibi alikuwa haoni.

“Muuguzi, naomba unieleze. Na Shamte je? Alinuka vile vile. Akakakamaa.”

Anjelina alimvutia bibi kiti.

“Sikumwona, bibi. Siwezi kuapa. Lakini kwa unavyoeleza, huenda ulikuwa ugonjwa ulioingilia kitovuni.”

Kibibi alivitazama vidole vyake. Hakuna aliyempa pole, kwa sababu hapakuwa na pole ya kutosha.

Siku ya kliniki, kina mama walikuwa wamejaa kwenye mabenchi na watoto wao. Anjelina alimsimamisha Shamila mbele yao, na kamera yake mkononi.

“Mtoto huyu alivunja kiapo,” alisema. “Kiapo ni kitu kizito, msifanye mchezo nacho. Lakini kiapo cha kuficha ugonjwa hakimfungi mtu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukiona hatari, sema, hata kama unayemwogopa ni mtu unayempenda.”

Shamila alidhani yamekwisha. Ndipo Bibi Kibibi aliponyanyuka kutoka benchi la nyuma, akaja akasimama karibu na dirisha.

“Washa hicho kitu chako,” alimwambia mjukuu wake.

“Bibi, ulisema jicho la watu—”

“Washa.”

Shamila akawasha.

“Mimi ni Kibibi, bibi yao Shamte na Ashraf. Nilikatazwa kupaka majivu, nikapaka. Mjukuu mmoja ninaye. Mwingine hata sura yake hatunayo, na kila siku namwomba msamaha. Kitovu kiacheni kikavu. Naweni mikono, hata kama maji yamebaki kikombe kimoja, afadhali mimi nikose ya kunywa. Na mkiona mtoto amebadilika, msitusubiri sisi wazee. Nendeni.”

Kisha aliinyoosha mikono yake mbele ya kamera, viganja juu. Shamila alisogea karibu, shubiri moja, mpaka kila mstari wa viganja ukaonekana. Hakuizima kamera mpaka bibi yake mwenyewe aliposema basi.