Mgongo wa Mzee Heche

Mwaka 1976, nyumba ya Marwa na mkewe Boke ilisifiwa kijiji kizima cha Kerende. Kila asubuhi Boke alifagia ua kabla ng'ombe hawajatoka zizini. Vyombo vilikaushwa juu ya kichanja. Choo kilikuwa na mfuniko. Shimo la taka lilikuwa mbali na jiko. Kamati ya afya ya kijiji ilipopita kukagua nyumba, iliipa nyumba hiyo alama ishirini kwa ishirini. Hakuna nyumba nyingine iliyofikia hapo.

Ndani ya nyumba hiyo alilala mzee Heche, baba yake Marwa. Miezi minne nyuma alipatwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vilikosa nguvu. Hakuweza kugeuka mwenyewe kitandani.

Boke alimtunza. Asubuhi alimpa uji wa ulezi wenye maziwa. Mchana alimpa ugali kwa dagaa au maharage. Alimnawisha uso, mikono na miguu. Kila Jumamosi alifua blanketi lake. Wageni walipotoka walisema, "Heche amepata mkamwana kweli."

Lakini siku za karibuni mzee alianza kukataa chakula. Usiku mwili wake ulikuwa wa moto. Kukawa na harufu mbaya chumbani. Boke aliosha chumba, akafua blanketi mara mbili kwa wiki. Harufu haikuondoka.

Siku moja Efrazia, mhudumu wa afya, alifika kwa baiskeli kutoka zahanati. Watu walimwita Bibi Afya. Aliongozwa na Hezekia, balozi wa nyumba kumi, aliyekuwa pia mjumbe wa kamati.

"Hapa hatuchelewi, Bibi Afya," alisema Hezekia. "Hii ni nyumba ya mfano. Andika ishirini, tunywe uji, twende zetu."

"Nikishaona nitaandika."

"Kamati imeshaona."

"Kamati iliona choo. Je, ilimwona mgonjwa?"

"Ilimsalimia," alijibu Hezekia.

Efrazia aliingia chumbani. Boke alisimama mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Unatunzwaje hapa?"

"Vizuri sana. Sina neno."

Efrazia alinusa hewa. Kisha akawaomba Boke na Hezekia watoke nje. Alipobaki peke yake na mzee, akavuta kigoda.

"Mzee, umenijibu kwa adabu. Sasa nijibu kama mgonjwa. Wapi panauma?"

"Huku nyuma. Chini ya mgongo."

"Umemwambia nani?"

"Nimwambie nani? Marwa hushinda shamba la kijiji. Boke ni mke wa mwanangu. Kwetu mkamwana haoni mwili wa baba mkwe wake. Nimwambie anifunue? Afadhali nife."

"Maji unakunywa?"

"Kidogo sana. Nikinywa nakojoa. Nikikojoa nalala humo mpaka Marwa arudi jioni, anibadilishe nguo gizani, asiuone mgongo."

"Mimi si mkwe wako," alisema Efrazia. "Nitautazama mgongo wako, ukiniruhusu."

"Basi tazama."

Efrazia alimgeuza taratibu. Mzee alikuwa amelala juu ya ngozi ngumu ya ng'ombe, nayo ilikuwa imelowa. Chini ya mgongo palikuwa na kidonda chenye usaha. Efrazia alikipima kwa rula: sentimita sita. Kisha akabonyeza ngozi ya nyonga kwa kidole. Ilikuwa nyeusi kuliko kwingine, ina joto na ngumu. Kidonda cha pili kilikuwa kinaanza. Aliandika yote kwenye karatasi yake.

Marwa alikuwa ameitwa kutoka shambani. Efrazia aliwaambia wote alichokiona. Boke akajifunika uso kwa kanga.

"Nimemuua baba," alisema.

"Hujamuua. Nisikilizeni. Mtu akilala upande mmoja muda mrefu, nyama hubanwa kati ya mfupa na kitanda. Damu haipiti. Nyama isiyopata damu hufa. Mkojo nao hulainisha ngozi, ikachanika upesi. Kidonda kikifika mfupani, ugonjwa huenea kwenye damu. Hapo mtu anaweza kufa."

"Amebakiza siku ngapi?" aliuliza Marwa.

"Sijui. Najua kwamba leo hakijafika mfupani. Nitampa dawa. Homa isiposhuka kwa siku tatu, tutampeleka hospitali Tarime."

Hezekia alikuna kichwa. "Lakini tulitoa ishirini kwa ishirini."

"Choo kilistahili ishirini. Mzee hakukaguliwa. Mlimuuliza mbele ya anayemlisha. Mgonjwa gani atajibu vibaya hapo?"

Kisha Efrazia akaeleza kazi. Mzee ageuzwe kila baada ya saa mbili. Aoshwe mwili mzima kila siku, na akaushwe. Kidonda kisafishwe kwa maji yenye chumvi yaliyochemshwa na kupoa. Ngozi iliyoanza kuharibika isisuguliwe. Anywe maji ya kutosha, na ale maharage, maziwa na mayai, maana mwili hujenga nyama mpya kwa chakula.

"Kuosha mgonjwa ni kazi ya wanawake," alisema Marwa.

"Na mila yenu inamkataza mwanamke wa nyumba hii. Basi nani?"

Penye ua alikuwa amekaa mzee Machage, rafiki wa Heche, aliyekuja kumjulia hali.

"Mimi," alisema Machage. "Mimi na Heche ni esaro moja. Tulitahiriwa siku moja. Atanificha nini? Nilimwona hata siku ile alipolia kwa kisu."

Sauti ya Heche ilitoka ndani, kali kuliko siku zote. "Mwongo! Wewe ndiye uliyelia! Mpaka mama yako alitaka kukimbia!"

Hata Boke alicheka chini ya kanga.

"Sawa," alisema Efrazia. "Aliyelia na asiyelia wataoshana. Lakini usiku je?"

"Usiku ni wangu," alisema Marwa polepole. "Siku hizi wezi wa ng'ombe wengi. Naamka mara nne kutazama zizi."

"Basi kila ukitoka zizini, mgeuze baba yako. Ng'ombe hujawasahau hata usiku mmoja."

Marwa aliinamisha kichwa. "Nitafanya."

Efrazia aliwafundisha Machage na Marwa mchana ule ule. Aliwaonyesha namna ya kumgeuza mtu kwa shuka bila kumburuta, kwa sababu kuburuta huchuna ngozi. Aliwaambia waweke mto kati ya magoti. Hezekia naye aliahidi kuiomba serikali ya kijiji ihesabu utunzaji huo kuwa zamu ya Machage ya shamba la ujamaa. Wiki hiyo hiyo ilikubali.

Boke hakukaa bure. Alishona magunia mawili, akayajaza majani makavu ya migomba, yakawa godoro. Alichemsha maji ya chumvi. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwagiza. Alikuwa amejifunza kusoma na kuandika mwaka uliopita, katika darasa la elimu ya watu wazima. Alichukua daftari lake la darasa akalichora mistari. Kila mzee alipogeuzwa, aliandika. Kila kikombe cha maji, aliandika. Jioni alisimama nje ya mlango na kuuliza.

"Baba Machage, ngozi ya nyonga ina joto leo?"

"Imepungua."

"Shuka lilikuwa kavu?"

"Kavu."

Hivyo Boke alijua hali ya mgongo ule bila kuuona.

Siku ya tatu homa ilishuka. Lakini wiki ya pili Machage alikwenda msibani siku nzima, naye hakusema. Marwa alikuwa shambani. Kesho yake asubuhi Machage alipomfunua Heche, ngozi ya nyonga ilikuwa nyeusi tena na ina joto. Alipotoka chumbani alimkuta Boke amesimama na daftari.

"Shikamoo, baba Machage."

"Marahaba."

"Jana kuanzia asubuhi mpaka jioni daftari langu halina kitu."

"Nilikuwa msibani, mwanangu. Mtu haachi msiba."

"Ni kweli. Lakini msibani mlikuwa wengi. Huku uko peke yako."

Machage alimtazama. Alikuwa mzee, na hakuzoea kuulizwa na wanawake wa rika la binti zake. Akakohoa.

"Nikiwa na safari nitamwambia Marwa mapema," alisema. "Andika na hilo."

Boke aliandika.

Efrazia alirudi kila wiki. Hakuuliza kama mzee anatunzwa vizuri. Alisoma daftari, kisha akamgeuza mzee na kupima kidonda kwa rula ile ile. Wiki ya tatu kilikuwa sentimita nne na nusu. Wiki ya sita, mbili. Wiki ya kumi kilikuwa kimefunga. Palibaki kovu laini, na ngozi ya nyonga ilikuwa sawa na ngozi nyingine.

Heche hakupona kiharusi, na Efrazia hakuwahi kuahidi kwamba atapona. Lakini alikula. Harufu iliisha. Mchana alikaa kwenye kiti uani, huku Machage akimwinua mara kwa mara ili asikalie sehemu moja, na wakigombana juu ya nani alilia.

Kamati ya afya ilikutana. Efrazia aliweka daftari la Boke mezani, wajumbe wakalipokezana. Waliongeza mambo matatu katika ukaguzi wao. Mgonjwa aulizwe akiwa peke yake. Mwili wake utazamwe na mtu anayeruhusiwa kuutazama. Na watu wa nyumba waonyeshe ni nani anayemgeuza, na lini.

Jumatatu iliyofuata kamati ilianza upya, pamoja na Efrazia. Hezekia alimwomba Boke afuatane nao, naye akafuatana. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Kornelio, ambaye mama yake alikuwa amelala kitandani mgonjwa tangu mavuno. Ua ulikuwa safi sana. Kornelio aliwapokea kwa furaha.

"Karibuni! Mama hajambo. Anakula vizuri. Hana neno kabisa."

"Tumefurahi kusikia," alisema Hezekia. Akavuta kigoda akakaa uani, akawaashiria wanaume wenzake wakae. "Sisi tutasubiri hapa. Bibi Afya, Boke, ingieni."